Maongezi ya Jamaa: Mama Katika Kiti cha Chama



Juma hili nimeshika barua iliyotoka Mpofi, kule ambako njia ya Masisi inaelekea Walikale. Aliyeiandika ni mwalimu, naye ameomba nisitaje jina lake wala jina la chama chake. Ombi hilo nitaliheshimu. Yaliyomo ni haya. Katika kijiji chao kuna chama cha wakulima, wanaume kwa wanawake, ambao huuza maharagi, mawese na muhogo, na kuweka akiba yao pamoja. Mwaka jana sanduku lilifunguliwa likaonekana karibu tupu. Fedha zilikuwa zimekopeshwa kwa ndugu na marafiki wa wakubwa wa chama, bila karatasi wala shahidi, nazo hazikurudi. Wakubwa hao, wote wanaume, wakaondoka katika viti vyao. Sasa wanachama wanataka kuchagua wengine. Baadhi wanasema: "Tuwape akina mama, wao hawali fedha za watu." Baadhi wanajibu: "Haijapata kuonekana mwanamke akakalia kiti na wanaume wakamtii." Mwalimu naye anauliza: "Je, uko ushuhuda wa hakika kwamba mama akiongoza shirika, kazi yake hufanikiwa zaidi? Au ni maneno ya kutufurahisha tu?"

Swali hili limenipendeza, kwa sababu mwalimu haombi maoni, anaomba ushuhuda. Maoni tunayo mengi, tena ya bure. Penye kibuyu cha kasiksi huwezi kukosa mtu wa kukueleza tabia za wanawake wote wa dunia. Ushuhuda ni jambo jingine. Basi tuutafute, na tuupokee ulivyo, hata pale usipotupendeza.

Nianze ng'ambo ya ziwa Tanganyika. Nchini Tanzania iko benki iitwayo NMB, iliyozaliwa mwaka 1997 wakati serikali ilipoigawanya benki ya taifa ya biashara. Mwaka 2020 kiti cha mkurugenzi mkuu kilikabidhiwa Mama Ruth Zaipuna, ambaye kwanza alikuwa mkuu wa mambo ya fedha katika benki hiyo hiyo. Mwaka ule faida ya benki, kodi ikiisha kutolewa, ilikuwa imepita kidogo shilingi bilioni 200 za Tanzania. Mwaka 2023 ilipita bilioni 500. Tena mwaka 2022 benki ile iliwaalika watu kununua hati za mkopo zilizoitwa Jasiri, ili fedha zitakazopatikana zikopeshwe kwa biashara za wanawake. Iliomba bilioni 25, na watu wakaleta zaidi ya bilioni 70.

Mtu mwepesi wa kusadiki atapiga makofi hapa na kufunga kitabu. Asifunge bado. Katika miaka ile ile benki nyingine kubwa ya Tanzania, CRDB, ilikuwa ikiongozwa na mwanamume, Bwana Abdulmajid Nsekela. Nayo faida yake ilipanda kutoka bilioni 160 na zaidi mwaka 2020 hata kupita bilioni 400 mwaka 2023. Mvua ilinyesha juu ya mashamba yote mawili. Basi habari za NMB hazithibitishi kwamba faida imeletwa na uanamke wa mkurugenzi. Imeletwa na kazi, na hesabu zilizotunzwa, na nyakati zilizokuwa njema kwa mabenki. Lakini ziko pia kauli ambazo habari hizo zimeziangusha kabisa. Wanaume wengi katika benki ile walipokea amri kutoka kwa mama, na wala hakuna aliyekufa kwa jambo hilo. Wenye fedha hawakukimbia na fedha zao. Kwa hiyo yule ndugu wa Mpofi asemaye kwamba jambo hili halijapata kuonekana, sasa ajue kwamba limeonekana.

Wataalamu wamejaribu kupima jambo hili kwa mapana zaidi. Mwaka 2015 mabibi wawili wenye elimu ya biashara, Corinne Post na Kris Byron, walikusanya tafiti 140 zilizofanywa na watu mbalimbali katika nchi mbalimbali juu ya wanawake katika halmashauri za makampuni, wakazipima kwa pamoja. Waliona kwamba makampuni yenye wanawake wengi zaidi katika halmashauri yalielekea kuwa na faida kubwa kidogo katika vitabu vyao vya hesabu. Nasema kidogo, wala sisemi maradufu. Tena kwa bei ya hisa za makampuni hayo sokoni, tofauti ilikuwa karibu na sifuri. Hata faida ile ndogo haituelezi lipi lililotangulia. Huenda mama aliifanikisha kampuni, na huenda kampuni iliyokwisha kufanikiwa ndiyo iliyopata moyo wa kumkaribisha mama. Vyura na mvua huja pamoja, lakini si vyura wanaoleta mvua.

Nchi ya Norwe ilitaka kulimaliza jambo hili kwa sheria. Mwaka 2003 bunge lake liliagiza kwamba katika kila halmashauri ya kampuni kubwa za umma wanawake wasipungue 40 kwa mia, na muda wa mwisho ukawa mwaka 2008. Wachunguzi wawili, Kenneth Ahern na Amy Dittmar, waliandika mwaka 2012 kwamba thamani ya makampuni yaliyolazimishwa kubadilika sana ilishuka. Sababu waliyoitoa si kwamba waliongezwa wanawake, bali kwamba wengi wa walioingia walikuwa na umri mdogo na uzoefu mchache wa kazi ile, maana walitafutwa kwa haraka. Wengine waliopima upya baadaye hawakuiona hasara ile. Mimi si mtu wa hesabu kubwa, wala sitajifanya mwamuzi kati yao. Nachukua neno moja tu: mtu aliyewekwa kitini kwa haraka, bila kufundishwa kazi, atasumbuka, awe mume au mke.

Lakini kisa nilichotaka hasa kumsimulia mwalimu wetu ni hiki, nami naomba akisome polepole.

Mwezi wa Novemba mwaka 2003 gazeti la The Times la London lilichapa makala iliyosema kwamba makampuni makubwa ya Uingereza yaliyokuwa na wanawake wengi katika halmashauri yalikuwa yakifanya vibaya sokoni kuliko yale yenye wachache. Makala ilidokeza kwamba pengine ingekuwa heri kwa makampuni kama wanawake wasingeingia. Wengi walisoma, wakatikisa kichwa, wakasema: "Si tulijua?" Walakini katika chuo kikuu cha Exeter walikuwako wachunguzi wawili, Bibi Michelle Ryan na Bwana Alex Haslam, ambao hawakutosheka. Walifanya jambo rahisi sana, ambalo mwandishi wa gazeti hakulifanya: walitazama tarehe. Walitafuta kila mkuu mpya alichaguliwa lini, na bei ya hisa za kampuni yake ilikuwaje miezi iliyotangulia. Mwaka 2005 walitoa matokeo. Wakati soko zima lilipokuwa likianguka, makampuni yaliyomchagua mwanamke yalikuwa yamekwisha kuyumba kwa miezi mitano kabla ya kumchagua. Yeye hakuyaangusha. Aliitwa wakati yakianguka. Wachunguzi hao waliipa hali hiyo jina la genge la kioo: mama anapandishwa juu, watu wanamshangilia, kumbe amesimamishwa penye ukingo unaoteleza, na chini ni shimo.

Sasa, mwalimu, soma tena barua yako mwenyewe. Chama chenu kilipokuwa na fedha, ni nani aliyesema tuwape akina mama? Hakuna uliyemtaja. Sanduku limekwisha kutobolewa, madeni hayana karatasi, wenye madeni ni jamaa za watu wakubwa wa kijiji, na ndipo wanaume wanaona kwamba kiti kinamfaa mwanamke. Mtumbwi umejaa maji, basi mpeni mama kasia! Akishindwa kuurudisha pwani, wale wale watasema: "Mnaona? Tulijaribu mwanamke." Na binti zenu walioko shuleni leo watasikia neno hilo kwa miaka ishirini.

Na lile neno la kwamba akina mama hawali fedha, mimi sipendi kulisikia, ingawa limesemwa kwa kusifu. Dhambi ya asili haikuchagua. Nimeona mweka hazina mwanamume aliyelala njaa, fedha za wengine zikiwa chini ya kitanda chake. Nimeona pia mama aliyekopesha akiba ya wenziwe kwa shemeji yake. Ukimwita mtu malaika kabla ya kumchagua, hutamwekea kufuli, wala hutamwomba hesabu. Na siku atakapokosea, hutamsamehe kama unavyomsamehe mwanadamu.

Sisi katika Kongo tumepata kuona kwa macho yetu mama akishika sanduku kubwa kuliko yote. Mwezi wa Julai mwaka 2021 Mama Malangu Kabedi-Mbuyi alifanywa gavana wa Benki Kuu ya Kongo, mwanamke wa kwanza katika kiti hicho, akakaa humo hata mwaka 2025. Mwaka 2023 faranga yetu ilianguka sana mbele ya dola. Kila mwenye kununua chumvi na sabuni anakumbuka. Mwezi wa Agosti mwaka ule Benki Kuu ilipandisha riba yake kutoka 11 kwa mia hata 25 kwa mia kwa mara moja, ili kuzizuia bei. Dawa hiyo ni chungu, maana mikopo huwa ghali. Mwaka uliofuata bei ziliendelea kupanda, lakini kwa mwendo mdogo zaidi. Je, alifaulu? Watu wa uchumi watabishana. Ila katika mabishano yao wanataja riba, bei za shaba, matumizi ya serikali na vita vya mashariki. Sijasikia mwenye akili akisema faranga ilianguka kwa sababu gavana alivaa kitenge.

Yafaa pia vijana wa shule wajue kwamba mambo haya ni mapya kuliko wanavyodhani. Kitabu cha sheria za jamaa cha Kongo cha mwaka 1987, katika kifungu chake cha 448, kilimtaka mke apate ruhusa ya mumewe kabla ya kufanya mapatano yoyote ya kisheria yaliyomfunga kufanya kazi yeye mwenyewe. Mama mwenye biashara alikwenda kutafuta karatasi yake, akaulizwa: "Bwana wako yuko wapi?" Sheria ilibadilishwa tarehe 15 Julai 2016, tangu hapo mume na mke hupaswa kupatana wao kwa wao. Mimi naipenda sheria hii mpya kuliko ile ya kale, hata kwa macho ya Kikristu, maana kupatana ni kazi ya watu wawili walioungana kwa ndoa, na ruhusa ni jambo la mtoto na mzazi. Lakini sheria husafiri polepole kuliko mvua. Wako wanaume wasiopata habari mpaka leo, na wako waliopata wakanyamaza.

Katika machimbo mengi ya Kivu iko hata imani kwamba mwanamke akiingia shimoni, madini hukimbia. Kwa hiyo mama hutwanga mawe, huosha kasiterite, hubeba mizigo mgongoni na kupika chakula cha wachimbaji. Fedha kubwa zinabaki kwa wenye shimo. Mlima wa Bisie, huko huko Walikale, ulitoa tani 17,324 za bati mwaka 2024 katika mgodi mkubwa wa mashine. Mashine hazikuuliza ni nani aliyepita mlangoni, na madini hayakukimbia. Imani ya namna hiyo tuiite kwa jina lake: ni ushirikina, na ushirikina wenye faida kwa mtu fulani.

Pengine msomaji ataniambia: "Haya ni mambo ya dunia, Kanisa lasemaje?" Mfungue Matendo ya Mitume, sura ya 16. Mtamkuta Lidia wa mji wa Thiatira, mwenye biashara ya nguo za zambarau, tena nyumba yake ndiyo iliyompokea Mtakatifu Paulo na wenziwe. Someni pia Mithali, sura ya 31, habari za mke hodari. Wengi hudhani anasifiwa kwa kupika na kufuma tu. Kumbe hununua shamba baada ya kulichunguza, hupanda mizabibu kwa faida yake, na huuza bidhaa kwa wachuuzi. Katika nyakati zetu Baba Mtakatifu Fransisko alimweka Sista Raffaella Petrini kuwa mkuu wa utawala wa Mji wa Vatikano, kuanzia tarehe 1 Machi 2025. Chini yake kuna ofisi, mafundi, maduka na majumba ya makumbusho ambayo huingiza fedha nyingi. Na katika Uganda, Mama Kevin, Mfransiskani aliyetoka Ireland akafika mwaka 1903, alianzisha mwaka 1923 shirika la masista Waafrika, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko. Watu wetu humtii sista mkuu wa hospitali bila kunung'unika, wakapanga mstari mbele ya mlango wake. Kisha wanarudi kijijini kusema kwamba mwanamke hawezi kuongoza chama cha maharagi. Hapo ndipo nami ninapochoka.

Basi jibu langu kwa mwalimu ni hili. Ushuhuda uliopo hauahidi kwamba mama atawaletea faida kwa kuwa yeye ni mama. Unaonyesha kwamba si hasara, tena pengine ni faida kidogo. Na kwamba chama kinachotafuta viongozi katika nusu tu ya watu wake kimejinyima akili za nusu nyingine. Mchagueni anayejua kazi. Katika Mpofi, nasikia, wanaokwenda sokoni kila juma na kujua bei ni akina mama zaidi. Basi huenda anayejua kazi ni mama. Lakini msimpe kiti peke yake.

Kwanza, kabla hajakikalia, madeni ya zamani yaandikwe yote, kila mmoja kwa jina lake na kiasi chake, na wakubwa walioondoka watie sahihi mbele ya wanachama. Deni la jana lisihesabiwe kuwa lake. Hili nalisisitiza kuliko yote, maana hapo ndipo lilipo genge la kioo la Mpofi.

Pili, sanduku liwe na kufuli tatu, na funguo tatu zikae kwa watu watatu wa nyumba mbalimbali, wasio jamaa. Mwenyekiti asiwe na ufunguo hata mmoja. Utaratibu huu si wangu. Ndio unaofuatwa na vyama vya akiba vya vijijini, vile tunavyoviita AVEC, ambavyo mfano wake ulianza kwa wanawake wa Maradi katika nchi ya Niger mwaka 1991. Wengi wa wanawake wale hawakujua kusoma, lakini walikariri hesabu mbele ya wote, kila mmoja akikumbuka fedha zake na za jirani yake. Palipo watu thelathini wanaokumbuka, ni vigumu mmoja kusahau kwa makusudi. Tena msidhani kwamba sanduku la kijiji ni jambo la watu wa chini tu. Mwezi wa Januari 2025 mabenki ya Goma yalipofunga milango kwa sababu ya vita, wengi waliokuwa na vitabu vizuri vya benki walikosa hata fedha za unga.

Tatu ni jambo dogo, nanyi wanaume mtacheka: saa ya mkutano. Mkikutana jioni, wakati wa kuchota maji na kupika, mwenyekiti wenu atafika amechelewa, au atafika mapema na watoto watalala njaa, kisha mtasema hana bidii. Kutaneni asubuhi baada ya Misa. Au mume wake achukue sufuria siku hiyo. Hakuna kanuni ya Kanisa inayokataza.

Ameniandikia pia, pembezoni mwa karatasi, kwamba mama anayetajwa sana ni mke wa ndugu yake, na kwamba yeye mwenyewe anaogopa kukubali. Mpe salamu zangu, mwalimu. Mwambie asiseme ndiyo mpaka aione ile orodha ya madeni na sahihi zake. Wakimpa, akubali. Wakikataa kuiandika, basi wamekwisha kumjibu.

Uchaguzi, asema, utafanyika Jumapili ya mwisho wa mwezi, chini ya mti mbele ya shule. Nimemwomba aniandikie yatakayotokea, mazuri au mabaya, nami nitayachapa hapa. Juma lijalo nitajibu barua mbili za vijana waliouliza juu ya mahari.